Shajara ya mradi: mafaili 23 ya uraia, Ulyankulu

Shajara hii inafuata mafaili 23 ya watu wanaotafuta uraia au hati zake, yanayoandaliwa Ulyankulu, wilaya ya Kaliua, mkoani Tabora. Imewekwa ili wenye kazi kama hii Katumba, Mishamo na vijiji vya Kigoma wanakili kinachofaa na waruke pale tulipojikwaa. Majina ya watu hayamo. Kila faili lina namba.

Historia kwa ufupi. Makazi haya ni ya Warundi waliokimbia mwaka 1972. Baada ya sensa ya 2007 walipewa nafasi ya kuchagua: kurudi Burundi au kuomba uraia. Waliokubaliwa katika makazi yote matatu (Ulyankulu, Katumba na Mishamo) ni zaidi ya 162,000, na vyeti vilianza kugawiwa Oktoba 2014. Waliojitafutia wenyewe pa kuishi katika vijiji vya Kigoma hawakuwa kwenye orodha hiyo, kwa hiyo wa huko asome zaidi sehemu ya kundi C.

Kundi A (mafaili 12): mtu ana cheti cha uraia lakini hana namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa), au majina yake yamegongana. Kundi B (mafaili 8): watoto na vijana wa wenye vyeti. Kundi C (mafaili 3): hayumo kwenye orodha, bado ana hadhi ya ukimbizi.

13 Februari 2024. Jedwali la majina

Kabla ya kwenda ofisi yoyote, kila faili limetengenezewa jedwali kwenye karatasi moja ya A4 iliyolazwa. Safu moja kwa kila karatasi aliyonayo mtu: cheti cha uraia, kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, cheti cha darasa la saba, kadi ya mpiga kura, daftari la chama cha ushirika cha tumbaku. Mistari ni minne: jina la kwanza, la kati, la mwisho, tarehe ya kuzaliwa. Mmoja anasoma herufi kwa herufi, mwingine anaandika. Ukisoma na kuandika mwenyewe, jicho linasahihisha bila wewe kujua.

Katika mafaili 12 ya kundi A, matatu tu ndiyo yaliyokuwa na jina lile lile kwenye karatasi zote.

Sababu hazifichiki. Kwa desturi ya Kirundi jina la ukoo halirithiwi. Mtoto hupewa jina lake mwenyewe la Kirundi, tofauti na la baba, na jina la ubatizo. Fomu za Tanzania zinataka majina matatu, na mawili ya mwisho hutegemewa yawe la baba na la babu. Basi mwalimu wa darasa la kwanza aliandika jina la ubatizo na la baba, karani wa makazi akaandika la ubatizo na la Kirundi, na padri akaandika la ubatizo peke yake. Watu watatu wamezaliwa kwenye karatasi, kumbe ni mmoja.

Pili ni tahajia. Niyonzima huwa Nionzima, Nzeyimana huwa Nzeimana, Ndayiragije huwa Ndailagije. Herufi y inayomezwa na r inayogeuka l ndizo zilizotupa kazi nyingi kuliko zote.

Tatu ni tarehe. Wazee walijua mwaka tu, mwandishi akajaza 1 Januari. Baadaye mtu akipata cheti cha ubatizo chenye tarehe kamili anaanza kutumia hiyo, na karatasi zinaachana.

9 Machi 2024. Tulianzia mahali pabaya

Mafaili manne yalipelekwa NIDA yakiwa na Fomu 1A, ya kuombea kitambulisho, iliyojazwa kwa jina ambalo mtu anajulikana nalo kijijini. Ilionekana busara: ndilo lililo kwenye daftari la ushirika na kadi ya mpiga kura. Matatu yakarudi kwa sababu jina la kwenye fomu halikulingana na cheti cha uraia.

La nne lilipita, na hilo ndilo linalotuumiza zaidi. Lilipita na tarehe ya ubatizo badala ya tarehe ya kwenye cheti. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za kwanza ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Ukikosea tarehe, kosa linaingia ndani ya namba yenyewe, na namba hiyo inasajili laini ya simu, inafungua akaunti ya benki, inakwenda kila mahali. Faili hilo sasa liko kwenye marekebisho na mwenyewe ameshauriwa asisajili kitu kipya kwa namba hiyo.

Tangu siku hiyo kanuni ni moja: kwa mtu wa tajnisi, yaani aliyepewa uraia kwa kuuomba, cheti cha uraia ndicho shina. Fomu 1A inajazwa kama cheti kinavyosema, hata kama hakuna anayemwita hivyo. Karatasi nyingine ndizo zinazosogezwa zikifuate cheti.

Na kama cheti chenyewe kimekosewa? Mafaili mawili yako hivyo: moja jina la baba limeandikwa mahali pa jina la kwanza, jingine herufi mbili zimepinduliwa. Haya hayapelekwi NIDA wala hayatengenezewi kiapo cha kuzungushia. Yanaanzia ofisi ya Uhamiaji ya wilaya: barua ya maombi, cheti halisi, nakala, na karatasi ya zamani kuliko cheti inayoonyesha jina sahihi. Karatasi iliyotengenezwa baada ya cheti haina uzito hapo. Tumeyaweka kando tukijua yatachukua muda, maana uamuzi hautolewi wilayani.

Jambo dogo lenye hasara kubwa: vyeti viwili vilikuwa vimepigwa lamineshini ili visiharibiwe na mvua na mchwa. Nia nzuri, lakini karatasi iliyofunikwa plastiki haigongwi muhuri, haikaguliwi kwa mkono, na ukijaribu kuibandua inachanika na wino unatoka. Viache kama vilivyo, ndani ya mfuko wa plastiki mgumu unaofunguka. Asili haiachwi ofisini bila maandishi ya kupokelewa. Inayoachwa ni nakala iliyothibitishwa na wakili au hakimu.

27 Aprili 2024. Viapo

Mafaili saba yalihitaji kiapo cha majina. Viapo vitano vya kwanza vilikataliwa, vyote kwa kosa moja, kwa sababu vilinakiliwa kutoka kiolezo kimoja cha steshenari. Kiolezo kilisema tu, "Mimi, fulani, naapa kwamba jina langu sahihi ni fulani." Hakikutaja jina jingine ni lipi, wala liko kwenye karatasi gani. Anayekisoma hajui kinaunganisha nini na nini.

Muundo unaopita una aya hizi, kwa mpangilio huu. Kwanza, jina kama lilivyo kwenye cheti cha uraia, na namba ya cheti. Pili, kila jina jingine kwa tahajia yake, likifuatwa na karatasi lilipo na namba au mwaka wa karatasi hiyo. Tatu, sababu kwa sentensi moja, kwa mfano kwamba jina la Kirundi liliachwa wakati wa kuandikishwa shule. Nne, maneno ya wazi kwamba majina yote yaliyotajwa ni ya mtu mmoja, yaani mwapaji. Tano, jina litakalotumika kuanzia sasa, ambalo ni lile la aya ya kwanza. Tahajia zinakopiwa kutoka kwenye jedwali la Februari. Bila jedwali utasahau moja, na ni hiyo hiyo utakayoulizwa.

Kiapo na hati ya kubadili jina ni vitu viwili, na hapa watu wengi huchanganya. Kiapo kinasema majina mawili ni ya mtu mmoja. Hati ya kubadili jina, ambayo mtaani huitwa dipoli, inaacha jina la zamani na kuchukua jipya, na haina nguvu mpaka isajiliwe kwa Msajili wa Hati. Anayetaka kuendelea na jina la kijijini na kuliacha la kwenye cheti anahitaji hati, na gharama yake ni mara kadhaa ya kiapo. Kati ya saba, mmoja tu alikuwa na sababu ya kutosha: vyeti vyake vya kidato cha nne na vya chuo vina jina la kijijini, na kuvibadilisha vyeti vya mtihani ni mlima mrefu zaidi.

Gharama kwa faili moja mpaka hapa: kiapo kwa wakili shilingi 10,000, picha nne 4,000, nakala na uthibitisho 6,000, nauli ya Kaliua kwenda na kurudi 20,000. Viapo vitano vilivyorudiwa viliongeza 50,000 ambazo zingeokolewa kwa kusoma kiolezo mara moja kabla ya kusaini.

15 Juni 2024. Kundi B: tarehe tatu

Tulidhani watoto ndio wepesi. Sivyo. Mzazi mmoja anaweza kuwa na watoto watatu, kila mmoja na njia yake kisheria, na wote wanalala chumba kimoja.

Kila faili la mtoto sasa linaanza kwa tarehe tatu zilizoandikwa juu ya jalada: siku mtoto alipozaliwa, siku mzazi alipoombewa au alipoomba uraia, na siku iliyo kwenye cheti cha mzazi.

Aliyezaliwa baada ya tarehe ya cheti, hapa nchini, ni mtoto wa raia wa Tanzania. Haombi uraia, maana anao. Anachohitaji ni cheti cha kuzaliwa chenye jina la mzazi kama lilivyo kwenye cheti cha uraia. Mafaili manne.

Aliyekuwa ameshazaliwa wakati wa maombi na akaorodheshwa na mzazi: tafuta karatasi inayoonyesha aliombewa. Kauli ya mzazi kwamba "tuliandikwa wote" haitoshi. Mafaili mawili, na yote mawili karatasi imepatikana ndani ya Biblia, ambako familia nyingi huku huhifadhi nyaraka. Ulizia huko kwanza.

Aliyezaliwa katikati, baada ya maombi na kabla ya tarehe ya cheti, ndiye mwenye pengo. Mzazi hakumwandika kwa sababu hakuwepo, na siku anazaliwa mzazi hakuwa raia bado. Akiwa chini ya miaka 18, mzazi aliye raia anapeleka ombi kwa Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi amwandikishe kama mtoto mdogo. Akishatimiza 18, mlango huo unafungwa na anasimama mwenyewe kama mwombaji mtu mzima, kwa masharti yote yaliyo chini kwenye kundi C. Mafaili mawili yako hapa. La kwanza mtoto ana miaka 14, kuna nafasi. La pili kijana anafikisha 18 mwezi Novemba mwaka huu, basi limepandishwa juu ya mafaili yote. Ukinakili kitu kimoja kutoka shajara hii, iwe hiki: panga mafaili ya watoto wa katikati kwa siku ya kutimiza 18, usipange kwa herufi wala kwa kijiji.

3 Agosti 2024. Vyeti vya kuzaliwa

Maombi yamefanywa kwa mfumo wa mtandaoni wa RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi, ushahidi ukipakiwa kama PDF. Makosa yaliyotugharimu siku:

Tangazo la kizazi la kituo cha afya lilikuwepo kwa watoto watatu tu. Waliozaliwa nyumbani walitumia kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo na barua ya mtendaji wa kijiji. Barua mbili zilirudi kwa sababu zilisema mtoto "ni mkazi" wa kijiji. Ukazi si uzazi. Barua lazima iseme alizaliwa wapi, lini na wazazi ni nani.

Picha za karatasi zilizopigwa kwa simu usiku zilikataliwa kwa kutosomeka. Piga saa nne asubuhi nje, kivulini, karatasi ikiwa juu ya ubao, kisha igeuze PDF.

Jina la mama lilisahaulika kusawazishwa. Jitihada zote za majina zilikuwa za baba, na mama naye ana cheti chake cha uraia chenye tahajia yake. Faili moja limerudi hatua ya viapo kwa sababu hiyo.

Anayekusudia kuomba mkopo wa elimu ya juu asisubiri kidato cha sita. Bodi ya Mikopo inataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa, na ukianza msimu wa maombi unapambana na foleni ya nchi nzima.

28 Septemba 2024. Kundi C: hesabu ya miaka

Hawa watatu wanaomba tajnisi kama mtu mmoja mmoja. Sheria ya Uraia ya 1995 inataka mwombaji awe na miaka 18 au zaidi, awe ameishi nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na katika miaka 10 iliyotangulia hiyo miezi 12 awe ameishi jumla isiyopungua miaka 7. Tena ajue Kiswahili au Kiingereza vya kutosha, awe na tabia njema, aonekane ana mchango kwa nchi, na akusudie kuendelea kuishi hapa daima.

Kosa letu lilikuwa kwenye hesabu. Miaka 10 tulihesabu kurudi nyuma kuanzia leo, tukaimeza na ile miezi 12 ndani yake. Inatakiwa kuachanishwa. Kwa maombi ya Oktoba 2024, miezi 12 ni Oktoba 2023 hadi Oktoba 2024, na miaka 10 ni Oktoba 2013 hadi Oktoba 2023. Faili moja lilikuwa na ushahidi mzuri wa 2024 na 2023 na shimo la 2016 hadi 2018.

Dawa ni jedwali la pili: mstari kwa kila mwaka, na angalau karatasi moja yenye tarehe katika kila mstari. Zilizofaa ni risiti za mauzo ya tumbaku, rejista ya kliniki ya mtoto, kadi ya zahanati, cheti cha ndoa ya kanisani, taarifa ya shule ya mtoto yenye saini ya mzazi. Shimo la 2016 hadi 2018 lilizibwa na risiti za pembejeo, ambazo ushirika ulikuwa bado na nakala zake.

Maonyo mawili mazito.

La kwanza: mwenye hadhi ya ukimbizi asiende kuomba pasipoti ya nchi aliyoikimbia ili apate "kitambulisho cha kuambatisha". Chini ya Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, Ibara ya 1C, kujirudisha kwa hiari chini ya ulinzi wa nchi hiyo ni moja ya sababu za hadhi kukoma. Unaweza kuupoteza mguu unaosimamia kabla hujapata wa pili. Mwombaji mmoja alikuwa ameshashauriwa hivyo na kishoka (dalali asiye rasmi), kwa malipo.

La pili: kutoka eneo la makazi bila kibali ni kosa. Kibali cha kwanza cha faili namba 21 kiliombwa kwa siku mbili, mahojiano yakasogezwa siku moja, kibali kikaisha akiwa mjini. Sasa tunaomba siku tano na kuambatisha barua ya wito.

Faili moja la kundi hili limebadilisha njia. Ni mwanamke aliyeolewa na raia wa tajnisi, na sheria ina mlango wake kwa mke wa raia, mfupi kuliko tajnisi ya kawaida. (Mume mgeni wa mke raia hana mlango huo. Sheria imeandikwa hivyo.) Ndoa yao ni ya kimila, haikuwa na karatasi, basi hatua ya kwanza imekuwa kuisajili ndoa.

16 Novemba 2024. Gazeti, barua na uchaguzi

Mwombaji wa tajnisi hutangaza nia yake gazetini mara mbili mfululizo, ili mwenye pingamizi ajitokeze. Tangazo la kwanza la faili namba 21 lilitoka na jina lenye herufi iliyodondoka. La pili lilitoka sahihi. Maana yake hakuna matangazo mawili ya mtu mmoja, na yote yalirudiwa: 120,000 nyingine. Sasa jina linatumwa gazetini kwa maandishi ya kompyuta na kusomwa kwenye sampuli kabla ya kuchapwa. Hifadhi ukurasa mzima wenye jina la gazeti na tarehe. Kipande kilichokatwa kwa mkasi hakithibitishi kimetoka lini.

Wiki hizi ni za uchaguzi wa serikali za mitaa wa tarehe 27. Barua zilizotegemea wenyeviti wa vijiji zimekwama. Mtendaji wa kijiji ni mwajiriwa, hapigiwi kura, na muhuri uko kwake, kwa hiyo barua zote za utambulisho zimehamishiwa kwake.

Ada za serikali zimelipwa kwa namba ya malipo iliyotolewa na ofisi, risiti ikabandikwa ndani ya jalada. Mtu yeyote anayetaka ada mkononi, hata akiwa amevaa sare, hapewi.

Kijana aliyekuwa anafikisha 18 mwezi huu: maombi yake yalipokelewa na kugongwa muhuri tarehe 4, siku 11 kabla. Nakala yenye muhuri iko kwenye mafaili mawili tofauti, katika nyumba mbili tofauti.

25 Januari 2025. Yalipofika

Kundi A: namba za NIDA zimetoka kwa mafaili manane. Mawili ya cheti kilichokosewa yako Uhamiaji, moja liko kwenye marekebisho ya tarehe, moja linasubiri usajili wa hati ya kubadili jina.

Kundi B: vyeti vya kuzaliwa vitano mkononi. Kimoja kimesimama kwa jina la mama. Mawili ya watoto wa katikati yamepokelewa, hayajajibiwa.

Kundi C: mawili yamepita kata na yako kwenye kamati ya usalama ya wilaya, kisha mkoa, kisha makao makuu, kisha kwa Waziri. Waombaji wameambiwa mapema kwamba Waziri halazimiki kutoa sababu, na uamuzi wake haupelekwi mahakamani. Wakikubaliwa, kinachofuata ni tamko la kuukana uraia mwingine na kiapo cha utii, hata kwa aliyezaliwa hapa Ulyankulu na hajawahi kuiona Burundi. La tatu, la mke wa raia, linasubiri cheti cha ndoa.

Wastani wa matumizi bila ada za serikali: kundi A 46,000, kundi B 31,000, kundi C 310,000, na karibu nusu ya hiyo ni gazeti. Waombaji wa kundi C wanalipa baada ya mauzo ya tumbaku, kwa hiyo faili jipya la aina hiyo halitafunguliwa kabla ya masoko ya mwaka huu.

Kazi ya Februari: jedwali la majina kwa akina mama wote wa kundi B.